Anasema kifungo chake cha nje kimeisha na hata kazi hakufanya, ni kweli?

SWALI: Shikamoo wakili. Nina kibanda cha kuchaji simu huku Mafinga, mwaka jana kijana mmoja alikata bati akabeba betri ya sola na simu mbili za wateja. Mahakama ya wilaya ikampa kifungo cha nje miezi 6, afanye usafi zahanati na anilipe fidia. Kaenda wiki ya kwanza tu afu akahamia Makambako. Sasa karudi, kaiba tena kwa jirani, na akiniona anacheka anasema muda wake ulishaisha. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene. Hajamaliza chochote huyo, kukaa Makambako miezi 6 sio kutumikia adhabu. Hiyo amri ya kufanya usafi inatoka kwenye Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 (Sura ya 291), na mtu akiacha kazi bila sababu ya maana mahakama iliyomhukumu inaweza kumwita au kutoa hati ya kumkamata, ikiridhika kwamba kakiuka inaifuta ile amri na kumpa adhabu nyingine, jela ikiwemo.

Sasa kwa nini yuko mtaani anacheka? Hakimu hajui. Akishasoma hukumu faili linarudi kabatini na yeye anaendelea na kesi zingine, hawezi kujua zahanati ya huko kwenu kuna mtu hajashika fagio. Wa kumwambia ni afisa wa huduma za uangalizi, wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na huyo naye unakuta mmoja ana watu kibao wilaya nzima hana hata usafiri, kwa hiyo anategemea karatasi ya mahudhurio inayosainiwa hapo zahanati. Hiyo karatasi ndo roho ya kesi yako. Kuna zingine nimeziona zimesainiwa mwezi mzima kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, yani mtu kakaa chini siku moja kajaza zote, kwa hiyo nenda kamuulize mganga mfawidhi kwa upole tu kama ipo na inasemaje.

Afu nenda masjala ya mahakama na namba ya kesi, omba nakala ya hukumu, we ni mlalamikaji unayo haki. Isome vizuri maana watu wanaita kifungo cha nje hata pale mtu alipoachiwa kwa sharti la kutotenda kosa ndani ya muda fulani usiozidi miezi 12, na hiyo ikiwa ndo aliyopewa basi tarehe ya huu wizi mpya ni muhimu sana, ukiangukia ndani ya muda anarudishwa kuhukumiwa kwa lile la kwanza. Ukishajua ni ipi, mpelekee afisa uangalizi barua fupi, jina, namba ya kesi, tarehe aliyoacha kwenda, umwombe apeleke taarifa mahakamani. Nakala moja baki nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Hati ya kumkamata ikitoka haiozi. Inaishi mpaka itekelezwe au mahakama iliyoitoa iifute, na kuhama mkoa hakumsaidii, awe Makambako awe Uyole anakamatwa tu.

Kwa jirani yako, hiyo ni kesi mpya afungue kituoni, ila mpeni mpelelezi namba ya kesi ya zamani. Hawa vijana wana ujanja wao, Mafinga anaandikisha jina la baba, Makambako la babu, akisomewa adhabu anaonekana mkosaji wa mara ya kwanza na anaonewa huruma tena. Alama za vidole zinaumbua hilo, sema lazima mtu aombe zikalinganishwe. Na vijana wa bodaboda wasimguse jamani, mtageuka nyie washtakiwa.

Fidia unaweza kuiombea utekelezaji hapohapo mahakamani, ila sikudanganyi, kwa mtu asiye na hata godoro utasubiri sana.

Askari wakikwambia utoe nauli ya kumfuata Makambako usitoe, panda kwa OCD, yani mkuu wa polisi wa wilaya, na ile nakala yako yenye muhuri.