Folda ya seva haifunguki tangu umeme urudi

Ndugu, unasema hapo ofisini Ntinda kompyuta tano zilikuwa zinafungua vizuri folda ya seva (kompyuta inayotunza mafaili ya wote), umeme ukakatika, na uliporudi zote zinaonyesha msalaba mwekundu kwenye Z:, yaani njia ya mkato ya kwenda kwenye folda hiyo. Usiguse ruhusa za folda kwanza. Zikigoma zote kwa pamoja, mara nyingi ruta (kifaa kinachogawa mtandao) imewaka upya ikaipa seva anwani nyingine ya mtandao (IP).

Kaa kwenye seva yenyewe, fungua cmd (dirisha la kuandika amri), andika ipconfig, usome anwani ya IPv4. Tuseme ni 192.168.1.20: kwenye kompyuta ya mhasibu fungua File Explorer, na juu kwenye sehemu ya anwani andika \\192.168.1.20. Ikifunguka, umempata mchawi. Ipe seva anwani isiyobadilika, uunganishe Z: upya kwa jina la seva. Na jamani, nunueni UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika)!

Ile kompyuta mpya ya Windows 11 Pro, ikiwa bado inakataa folda, ni kesi nyingine. Toleo la 24H2 kwa kawaida halikubali kuingia kwenye folda ya seva kama mgeni (guest) bila nenosiri. Wapo watakaokwambia uzime ulinzi huo. Mimi sikubaliani nao. Fungua akaunti yenye nenosiri kwenye seva, kisha kwenye hiyo kompyuta andika kwenye cmd net use * /delete ili kufuta miunganisho ya zamani, uunganishe Z: tena kwa akaunti hiyo.