Gitaa la kasi lililoniaibisha Mikindani

Juzi kijana mmoja wa Nachingwea kanitumia ujumbe: "Shikamoo kaka. Nina laki saba. Niende Kariakoo nikachukue gitaa lile lenye shingo nyembamba, au mtindo wa Strato (Stratocaster)?" Nikaanza kumjibu kwa sentensi mbili, nikajikuta bado naandika saa sita usiku. Basi jibu lake nalileta hapa, maana najua mnaonisoma wengi mna uchu uleule: upige solo mpaka watu waache pilau.

Mimi niliingia mkenge mwaka wa korosho nzuri. Mama alikwishauza mzigo wake mnadani, akanikatia fungu na kuniambia, "Shika, na habari za gitaa nisizisikie tena humu ndani." Sikulala. Asubuhi nikawa kwenye basi la Dar.

Nililolinunua lilikuwa la umbo la RG ya kampuni ya Ibanez, ile iliyotoka 1987. Freti 24 (vile vyuma vyembamba vinavyokata shingo), shingo bapa, pikapu mbili nene (si gari, wazee, ni zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), na daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi mwilini, la kuelea la mtindo wa Floyd Rose, yule Mmarekani aliyebuni kufunga nyuzi kwa skrubu zisiteleze. Nyuzi zilikuwa nyembamba, za namba 9. Vidole viliteleza kama vimepakwa mafuta ya nazi. Dukani nilipiga bila hata kuchomeka waya, nikalipa. Hapo ndipo ujinga wangu ulipoanzia.

Harusi ya Mikindani, katikati ya sebene, uzi wa kwanza ukakatika. Kwenye gitaa la kawaida unaendelea na nyuzi tano, hakuna anayejua. Kwenye daraja la kuelea, nyuzi zinavuta mbele na springi za mgongoni zinavuta nyuma, ndivyo linavyosimama. Uzi mmoja ukiondoka, springi zinashinda. Daraja likalala nyuma, nyuzi tano zote zikapanda sauti kwa pamoja, kila moja kwa kiasi chake. Mpiga besi alinitazama kama nimemtukania mama yake. Kubadilisha uzi nako ni kufungua skrubu kwa kifunguo cha pembe sita, na kifunguo kilikuwa nyumbani.

Kiongozi wetu hakunigombeza. Wiki iliyofuata solo alimpa dogo mmoja mwenye gitaa kuukuu, vigingi vyake viwili havifanani na vingine. Mimi rithimu, miezi mitano. Mpaka leo nikikumbuka koo linakauka.

Kilichonizindua ni usiku mmoja pale chumba chetu cha mazoezi, Chuno, hapa Mtwara. Niliazima Strato na nakala ya Les Paul, nikaweka yote matatu kwenye amplifaya moja, vitufe sikugusa. Strato, mtindo ambao Fender waliutoa 1954, ina milimita 648 za uzi kutoka shingo inapokutana na kichwa hadi darajani. Les Paul ya Gibson ya 1952 ina kama 628. Milimita 20 unaziona si kitu, lakini kidole kinajua: kwenye Les Paul uzi ni laini kuukunja, kwenye Strato unabisha kidogo na unalia kama kengele. Strato ina ubaya wake. Taa ya tyubu ikiwaka karibu, inavuma kama nyuki. Pikapu nene za koili mbili, alizozibuni Seth Lover pale Gibson mwaka 1955, zinaumeza mvumo huo.

Langu? Kwa wepesi liliyashinda yote. Kwa sauti safi ya sebene, freti ya 12 kwenda juu, lilisikika kama mtu anayeimba na andazi mdomoni. Pikapu zenye nguvu vile zimekusudiwa sauti ya kukwaruza, ya roki. Sisi huku tunataka kila noti isimame peke yake.

Kwa hiyo mdogo wangu, chomeka kwanza. Chomeka kwenye amplifaya utakayopigia, kwa sauti ya ukumbini. Vijana mnapenda kununua kwa macho, mnaona rangi na freti 24, mnasahau kwamba aliyekaa meza ya nyuma haoni freti. Nasema tena: chomeka.

Sikuliuza langu. Nilishusha pikapu kwa bisibisi zikae mbali kidogo na nyuzi, nikafunga nyuzi za namba 10, na seremala akanichongea vipande viwili vya mninga vya kukazia kile chuma cha daraja mgongoni, kushoto na kulia. Sasa halielei. Nikimaliza kupiga nafuta nyuzi kwa kipande cha kanga, maana hewa ya bahari ya Mtwara huzila kwa wiki mbili.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Lindi. Uzi wa kwanza ukakatika tena, sebene ileile. Nikahamia uzi wa pili, nikapanda freti tano juu, nikaendelea. Bibi mmoja alikuja kunitunza, noti ya elfu kumi akaibandika kwenye paji la uso lenye jasho, ikakaa mpaka mwisho wa wimbo.

Kijana wa Nachingwea, kabla hujapanda basi pita Chuno ulijaribu langu. Ijumaa usije, tunakuwa na shughuli.