Maswali ya Wasomaji: Nimeambiwa Mungu Ameagiza, Je, Nitii?

SWALI: Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Maweni hapa Malindi. Mwanangu wa pili, mwenye umri wa miaka tisa, ana kifafa, naye amekuwa akimeza vidonge asubuhi na jioni kwa miaka minne. Mwezi uliopita kiongozi wa kikundi chetu cha maombi alisema amepokea neno kwamba Bwana ameagiza niviache vidonge hivyo, kwa kuwa ni dalili ya kutoamini. Niliposita, alinifungulia Mwanzo 22 akaniuliza kama Abrahamu alihoji alipoambiwa amtoe Isaka. Nilikosa la kumjibu. Ikiwa jambo ni jema kwa sababu Mungu ameliamuru, mimi ni nani hata nilipime? Na nikilipima, je, sitakuwa nimeiweka akili yangu juu ya Mungu? — Mama mwenye wasiwasi, Maweni.

JIBU: Dada yangu mpendwa, kama umekwisha kuviacha vidonge, mpeleke mtoto kliniki leo, wala usingoje kumaliza kusoma ukurasa huu. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta degedege lisilokoma, na degedege la namna hiyo huua. Kama hujaviacha, endelea kumpa kwa saa zilezile ulizozoea. Mengine yote nitakayoandika yanaweza kungoja, hilo haliwezi.

Swali lako la mwisho ni la zamani sana. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika mazungumzo ambamo mwalimu wake Sokrate anamuuliza mtu aitwaye Eutifro kama kilicho kitakatifu hupendwa na miungu kwa kuwa ni kitakatifu, au ni kitakatifu kwa kuwa miungu inakipenda. Wakristo walilirithi swali hilo, na pande zake zote mbili ziliwatia mashakani. Tukisema Mungu huamuru jambo kwa kuwa ni jema, inaonekana kana kwamba iko sheria iliyo juu yake, ambayo hata yeye huitazama kabla ya kusema. Tukisema jambo ni jema kwa kuwa tu ameliamuru, basi angeamuru ukatili, ukatili ungekuwa wema. William wa Ockham, mtawa wa Kifransisko wa Uingereza wa karne ya 14, hakuogopa kufika huko: aliandika kwamba hata wizi na uzinzi vingeweza kuwa vitendo vyema kama Mungu angeviamuru. Kiongozi wenu, pengine bila kujua, amesimama karibu na Ockham.

Njia iliyofuatwa na walimu wengi wa Kanisa, na ambayo mimi naishika kwa moyo wote, ni nyingine. Wema si sheria iliyo juu ya Mungu, wala si jambo analolibuni asubuhi na kulibadili jioni. Wema ni tabia yake mwenyewe, na amri zake hutoka katika tabia hiyo kama maji yatokavyo katika chemchemi. Thomas wa Akwino, mwanateolojia aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba sheria ya kweli ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, likitoka kwa yule mwenye jukumu la kuwatunza. Katika karne iliyopita mwanafalsafa Mmarekani Robert Adams alitetea kwamba wajibu wetu hutokana na amri za Mungu mwenye upendo, na neno hilo “mwenye upendo” ndilo linalobeba mzigo wote. Amri ikitoka kwa mtu anayedai kumsemea Mungu, lakini ndani yake hakuna upendo wala utunzaji, tuna sababu ya kutosha ya kukataa kwamba imetoka kwa Mungu.

Sasa tumrudie Abrahamu, kwa maana hapo ndipo ulipofungwa mdomo, na sitaki nikupe jibu jepesi. Maandiko yanasema wazi kwamba Mungu alimjaribu na kumwambia amtoe mwanawe. Thomas alijibu kwamba uhai na mauti vimo mikononi mwa Mungu. Jibu hilo ni sahihi kwa kiasi chake, lakini sijawahi kumwona mzazi aliyetulizwa nalo. Mwaka 1798 Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani, aliandika kwamba Abrahamu alipaswa kuijibu ile sauti kuwa ana hakika hapaswi kumuua mwanawe mwema, lakini hana hakika kwamba anayesema naye ni Mungu. Mwaka 1843 Søren Kierkegaard, mwanafalsafa Mdenmaki, alilichukulia jambo hilo kwa namna nyingine kabisa: aliona imani ya Abrahamu ni kitu cha kutetemesha, ambacho hakuna awezaye kukiiga kwa kusikia mahubiri tu.

Ninakuomba, hata hivyo, uyatazame mambo matatu ambayo kiongozi wako ameyaruka. Abrahamu hakuletewa neno lile na mtu, hapakuwa na jirani wala nabii aliyekuja hemani kumwambia, “Bwana amenituma nikuagize umchinje mwanao.” Aliyekuwa akisema naye alikuwa ni yule aliyetembea naye tangu Harani, aliyempa mtoto huyo Sara akiwa mzee. La pili, Abrahamu huyu huyu alikuwa amehoji. Katika Mwanzo 18, kwa habari ya Sodoma, anamwuliza Mungu kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki, na anashuka naye kutoka wenye haki hamsini hadi kumi, wala Mungu hamkemei hata mara moja. La tatu ndilo kubwa kuliko yote: neno la mwisho la mlima ule ni kwamba asimnyoshee kijana mkono wake. Anayesoma Mwanzo 22 akaishia kwenye kisu hajasoma Mwanzo 22. Karne nyingi baadaye, watu wa Yuda walipowachoma watoto wao motoni huko Tofethi, Mungu alisema kwa kinywa cha Yeremia kwamba hakuliagiza jambo hilo, wala halikuingia moyoni mwake. Naamini watu wale nao walidhani wanatii.

Iko habari nyingine ambayo sisi wa pwani hii tungepaswa kuisoma mara nyingi zaidi kuliko tunavyoisoma. Katika 1 Samweli 14, mfalme Sauli aliwaapisha askari wake wasile chakula chochote mpaka jioni, na anayekula alaaniwe. Yonathani mwanawe hakukisikia kiapo kile. Akachovya ncha ya fimbo yake katika asali, akala, macho yake yakatiwa nuru. Alipoambiwa, alisema kwamba baba yake ameitaabisha nchi. Jioni Sauli alitaka auawe. Watu wakasimama kati, wakaapa kwamba hata unywele mmoja wa kichwa chake hautaanguka, wakamponya. Biblia haiwaiti waasi watu wale.

Siwezi kuandika habari za njaa iliyoamriwa kwa jina la Mungu bila kutaja Shakahola, ule msitu wa huku Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri mmoja walifunga kula hadi kufa, nami naandika nikiwa Malindi. Tangu Aprili 2023 zaidi ya miili 400 ilifukuliwa katika msitu ule, mingi ikiwa ya watoto, na familia zilikaa miezi na miezi zikisubiri majibu ya vinasaba ili ziweze kuzika. Kuwahukumu watu ni kazi ya mahakama, siyo ya ukurasa huu. Lakini walioingia msituni hawakuwa wapumbavu, na inaniuma ninaposikia wakiitwa hivyo sokoni na kwenye matatu. Wengi walitaka kumtii Mungu. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia mapema kwamba kupima neno lililoletwa na mwanadamu ni sehemu ya utii wenyewe.

Hapo ndipo penye jibu la hofu yako. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 4, unatuagiza tusiiamini kila roho, bali tuzijaribu roho kama zimetokana na Mungu. Paulo anawaandikia Wathesalonike wajaribu mambo yote na kulishika lililo jema. Hizo ni amri, dada yangu, tena zimeandikwa wazi, hazikuja katika ndoto ya mtu. Unapolipima neno la kiongozi wako huiweki akili yako juu ya Mungu. Unaiweka amri ya Mungu juu ya neno la kiongozi wako. Mitume walipowajibu wazee wa baraza kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, waliwaambia watu wa dini, si wapagani.

Utapima kwa nini? Tazama nani anaumia na nani ananufaika neno hilo likitekelezwa. Tazama kama aliyelileta anakuruhusu kumwuliza mchungaji mwingine, mumeo, au daktari, kwa maana neno la Mungu haliogopi kusikiwa na watu wengi. Juu ya yote, liweke kando ya Kristo. Injili zinamwonyesha akiponya mtoto mwenye kifafa aliyeletwa na babaye, na hakuna mahali alipomlaumu mzazi kwa kumtunza mwanawe. Paulo naye, mlinzi wa gereza la Filipi alipouchomoa upanga ili ajiue, alipaza sauti akisema, “Usijidhuru.” Endelea kumwombea mwanao kwa bidii yote, na umpe kidonge chake baada ya kusema amina.

SWALI: Nafundisha shule ya Jumapili huko Mokowe, Lamu. Nilipofundisha habari za Isaka, mtoto wa miaka saba alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza, “Mungu akimwambia baba yangu, atanichinja?” Nilimwambia kwamba Mungu hasemi hivyo siku hizi, nikaona hakutulia. Nimjibu nini?

JIBU: “Siku hizi” inamwachia kesho, ndiyo maana hakutulia. Mwambie, “Hapana,” bila kuongeza sharti. Mwambie kwamba mtu yeyote akidai ameambiwa na Mungu amuumize, mtu huyo hakuambiwa na Mungu, naye akimbie akamwambie mama, mwalimu au jirani. Watoto wa Mokowe wanaliona tukio hili kila mwaka kwa majirani zao Waislamu wakati wa Idi ya kuchinja, nao wanajua kwamba kinachochinjwa ni mnyama. Anzia hapo, kwenye yule kondoo aliyenaswa kichakani, kabla hujapanda nao mlima.

Wala usimzime anapouliza. Isaka mwenyewe aliuliza njiani yuko wapi mwana-kondoo, na alipomwita babaye tu, kabla hata swali halijatoka, Abrahamu aliitika, “Mimi hapa, mwanangu.” Mwitikie hivyo.