Maswali ya Wasomaji: Kusafisha Redio ya Sebuleni na Kuitumia kwa Usalama

Mwezi huu safu hii inajibu maswali kuhusu seti za muziki za nyumbani, yaani amplifaya na spika zake, sabufa, na deki za CD ambazo bado zinafanya kazi katika nyumba nyingi. Wengi walioandika wanauliza namna ya kusafisha, lakini ukizisoma barua zao kwa makini utaona kwamba karibu kila moja ina jambo la umeme ambalo mwenyewe hakuliuliza. Tumeyajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu vyombo vingi vinavyofika mezani kwa fundi havikuharibiwa na kazi ya kupiga muziki. Vimeharibiwa na vumbi, joto na umeme uliounganishwa vibaya.

Fundi, shikamoo. Ninaishi Tanga, karibu sana na bahari. Nina amplifaya na spika mbili kubwa nilizoachiwa na marehemu baba. Siku hizi spika ya kulia hunyamaza, na nikigusa waya wake kwa nyuma sauti hurudi. Matundu ya juu ya amplifaya yamejaa vumbi. Je, ninaweza kuifungua, nikaipuliza kwa pampu ya baiskeli na kuifuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni?
Msomaji, Tanga

Marahaba. Vumbi la nje unaweza kuliondoa mwenyewe, lakini kifuniko usikifungue. Ndani yake, karibu na transfoma, kuna kapasita kubwa zenye umbo la mikebe, ambazo huendelea kuhifadhi umeme kwa muda hata baada ya plagi kuchomolewa, na mtu asiyejua kuzimaliza chaji anaweza kupigwa shoti na chombo ambacho hakijaunganishwa popote. Kwa hiyo kazi ya ndani mwachie fundi, hata kama skrubu zinaonekana kukuruhusu.

Kabla ya kugusa chochote, zima swichi ya ukutani na uchomoe plagi. Kuzima kwa rimoti hakutoshi, kwa kuwa taa ndogo nyekundu inayobaki ikiwaka ni dalili kwamba umeme bado unaingia. Acha amplifaya ipoe kabisa, kisha chukua brashi laini ya rangi, ile ya inchi moja au mbili ambayo haijawahi kutumika, upanguse matundu kwa kuvuta vumbi kuja nje, ukianzia juu na kumalizia pembeni. Kama una mashine ya kufyonza vumbi, shikilia mdomo wake karibu na brashi bila kuugusisha kwenye chombo. Pampu ya baiskeli haifai, kwa sababu hulisukuma vumbi ndani zaidi na kulishindilia mahali ambapo brashi haitalifikia tena.

Vumbi la pwani linahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu lina chumvi. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na tabaka hilo lenye unyevu hupitisha umeme pasipostahili na kula madini ya viungio. Ndiyo maana spika yako inanyamaza. Toa waya wa spika kwenye kibanio chake uutazame kwa karibu: nyuzi za shaba ambazo zilipaswa kung'aa kwa rangi nyekundu zimekuwa nyeusi, au zimefunikwa na unga wa kijani. Kata sehemu iliyoliwa, menya plastiki upate kama sentimita moja ya shaba safi, zisokote nyuzi zote pamoja, kisha zirudishe na kuzibana barabara. Hakikisha hakuna hata uzi mmoja uliochomoza na kugusa kibanio cha pili, kwa sababu mguso huo ni shoti, na unaweza kuziua transista za kutolea sauti mara tu utakapowasha. Waya wa kibanio chekundu cha amplifaya uende kwenye kibanio chekundu cha spika, na mweusi uende kwenye cheusi. Ukizibadilishana nyaya za spika moja tu, zote mbili zitalia, lakini besi itakuwa imepotea na hutajua imeenda wapi.

Viungio vya duara, vile vyekundu na vyeupe vya kuletea sauti kutoka kwenye deki, vifute kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti, uviache vikauke kabisa, na ndipo uvichomeke.

Maji ya sabuni hayana nafasi katika kazi hii. Kwa mwili wa nje tumia kitambaa laini kikavu, na penye uchafu ulioganda tumia kitambaa kilicholoweshwa kidogo na kukamuliwa hadi kisitoe tone. Petroli, thina na dawa ya kufutia rangi ya kucha huyeyusha plastiki na kufuta maandishi ya vitufe. Dawa yoyote ya kupuliza ipulizie kwenye kitambaa, kamwe usiipulizie kwenye chombo chenyewe. Na sheria hiyo inahusu pia dawa ya mende. Najua mende na mijusi hupenda joto la amplifaya, na mjusi mmoja akilala juu ya nyaya za umeme mkubwa anatosha kuleta shoti, lakini dawa nyingi za kopo husukumwa na gesi inayoshika moto. Sogeza seti mbali na mabaki ya chakula, panguse nyuma yake kila wiki, na usiache matundu makubwa wazi pale ambapo kipande cha kifuniko kimevunjika.

Spika zenyewe zipanguse kwa brashi kavu tu. Koni, yaani ile sehemu ya mbele inayotetemeka kutoa sauti, nyingi ni za karatasi, na karatasi ikilowa hupoteza umbo. Kama mkanda wa sponji unaozunguka koni unamomonyoka ukiugusa kwa kidole, umezeeka kwa joto na unyevu. Usiubandike kwa gundi ya karatasi, maana fundi wa spika anaweza kuubadilisha mkanda huo peke yake na spika za marehemu mzee wako zikaendelea kulia kwa miaka mingi.

Nina jambo moja zaidi, ambalo hukuliuliza. Katika sebule zetu tumezoea kuifunika redio kwa kitambaa cha kufuma na kuweka chombo cha maua juu yake. Kitambaa kinalinda dhidi ya vumbi wakati redio imezimwa, na hapo kinafaa sana. Redio inapolia, kiondoe chote, kwa kuwa matundu ya juu ndiyo njia ya joto kutokea, na uache nafasi ya angalau sentimita 10 pande zote. Maua yapate meza nyingine.

Mpendwa fundi, sabufa yangu mpya ina plagi ya miguu miwili ya duara. Ili iingie kwenye soketi ya matundu matatu ninasukuma kijiti kwenye tundu la juu. Kwenye ekstensheni hiyo hiyo nina televisheni, king'amuzi, na asubuhi ninapigia pasi. Siku hizi plagi ya sabufa inapata moto na mara nyingine inatoa sauti ya kupasukapasuka. Je, ni kawaida?
Msomaji, Mombasa

Hapana, si kawaida, na ninakuomba uichomoe leo usiitumie tena hadi utakaporekebisha. Plagi kupata moto maana yake ni kwamba umeme unapita kwenye mguso uliolegea, na ile sauti ya kupasuka ni cheche.

Soketi zinazotumika Kenya, Tanzania na Uganda zimetengenezwa kwa plagi ya miguu mitatu bapa. Mguu wa juu, ambao ni mrefu kuliko mingine, hufungua vijilango vilivyomo ndani ya matundu mawili ya chini, na vijilango hivyo viliwekwa ili mtoto asiweze kuingiza kitu penye umeme. Kijiti chako kinafanya kazi ya mguu huo: kinafungua ulinzi wote. Miguu ya duara inayoingia haikutengenezwa kwa matundu hayo, hivyo inagusa kidogo upande mmoja na kuning'inia upande mwingine. Tena, plagi ya miguu miwili haina fyuzi ndani yake, ambapo ya miguu mitatu inayo. Na mtoto anayemwona mzazi wake akitumia kijiti kila siku, siku atakayokuwa peke yake atajaribu kwa msumari.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama kubwa. Mwambie fundi umeme akate plagi hiyo na kufunga ya miguu mitatu yenye fyuzi ya ampea 3, ambayo kwa umeme wa volti 240 hubeba zaidi ya wati 700 na inaitosha kabisa sabufa ya nyumbani. Kama nyuma ya sabufa kuna alama ya mraba ndani ya mraba, chombo hicho kimekingwa mara mbili na hakihitaji waya wa ardhini. Kama waya wake una nyuzi tatu, ule wa kijani na njano lazima uunganishwe na mguu wa juu. Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kipimo kile kile. Kufunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi ni kuugeuza waya wote wa sebuleni kuwa fyuzi.

Kuhusu pasi, ihamishie kwenye soketi ya ukutani leo hii. Pasi moja hula wati 1000 na kuendelea, mara nyingi zaidi ya vyombo vyako vingine vyote vikijumlishwa. Ekstensheni iliyoandikwa ampea 13 inatakiwa kubeba takribani wati 3000, lakini nyingi za bei ndogo zina waya mwembamba usioweza mzigo huo, na waya ukiachwa umeviringishwa au umefunikwa na zulia, joto lake halina pa kwenda.

Nimenunua amplifaya iliyotumika, ya Kijapani, hapa Unguja. Nyuma imeandikwa volti 100, 50/60 Hz. Muuzaji amesema nitumie stabilaiza tu. Je, ni kweli?
Msomaji, Zanzibar

Si kweli, na ukiwasha namna hiyo utaipoteza mara moja. Stabilaiza ya kawaida hurekebisha umeme unaopanda na kushuka ili ubaki karibu na volti 230. Amplifaya yako inahitaji 100, chini ya nusu ya hizo. Unachohitaji ni transfoma ya kushusha umeme kutoka 230 hadi 100, na uichague yenye uwezo unaozidi mahitaji: chombo kikiandikwa wati 150, tafuta transfoma ya wati 300, isichemke. Soma kibandiko cha transfoma kwa makini, kwa sababu nyingi zinazouzwa hushusha hadi 110, na zile zilizokusudiwa vyombo vya Marekani hushusha hadi 120.

Kuhusu 50/60 Hz, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, huna haja ya wasiwasi. Japani yenyewe ina mikoa ya mashariki inayotumia 50 na ya magharibi inayotumia 60, hivyo vyombo vyao vingi huvumilia zote. Chombo cha Marekani kilichoandikwa 60 Hz pekee ni jambo jingine, hasa kinanda cha santuri ambacho mota yake hufuata Hz za umeme, kwa kuwa transfoma haibadilishi Hz na santuri itazunguka polepole kwa moja ya sita.

Umeme ukikatika, zima amplifaya na transfoma yake, na baada ya umeme kurudi ngoja dakika chache kabla ya kuwasha. Msimu wa mvua, ngurumo zikianza, chomoa plagi na waya wa antena pia, maana radi huingia hata kwa njia hiyo.

Kijana wangu hufungua sauti hadi mwisho. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, zimeungua mara mbili, ingawa fundi anasema spika ni kubwa kuliko amplifaya. Inawezekanaje?
Mama msomaji, Morogoro

Shikamoo mama. Inawezekana kabisa. Amplifaya ndogo ikilazimishwa kutoa zaidi ya uwezo wake, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa, na mkato huo huzalisha sauti nyembamba nyingi kupita kiasi ambazo zote huelekezwa kwenye twita. Ule mkwaruzo unaousikia ndio onyo lenyewe. Mwambie arudishe kitasa nyuma hadi mkwaruzo utoweke, na asiongeze besi na sauti kwa wakati mmoja.

Masikio yake nayo yanastahili kutajwa, kwa kuwa twita hununuliwa na sikio halinunuliwi. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90 muda huo hupungua hadi saa 4 tu kwa wiki. Kipimo cha sebuleni ni hiki: kama watu wawili walio hatua moja tu kutoka kwa mwenzake wanalazimika kupaza sauti ili wasikilizane, muziki umezidi. Mlio unaobaki masikioni baada ya redio kuzimwa ni dalili kwamba sikio limeumizwa.

CD zangu zinaruka. Nizifute vipi?
Msomaji, Nakuru

Tumia kitambaa laini kisichotoa nyuzi, ufute kwa mstari ulionyooka kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata njia ya data huishinda deki kuliko ule unaoikata. Zikiendelea kuruka zote, tatizo liko kwenye lenzi. Usifungue deki na kuchungulia ikiwa imewashwa: mwanga wa leza yake karibu hauonekani, lakini unaweza kulidhuru jicho.

Rimoti ya sabufa imeacha kufanya kazi, na betri yake ile bapa kama sarafu imetoa unga. Nifanye nini?
Msomaji, Dodoma

Itoe betri kwa kuvaa glavu, futa vibati kwa kijiti cha pamba chenye spiriti, kausha, kisha weka mpya ya namba ile ile. Kabla ya hapo, angalia kama kifuniko cha betri bado kinafunga vizuri. Kama kimelegea, kibane kwa gundi ya utepe ambayo mtoto hawezi kuibandua, na ile betri ya zamani ifunge kwa utepe pande zote mbili kabla ya kuitupa. Betri ya sarafu ikikwama kooni huunguza nyama ya ndani kwa muda usiozidi saa mbili, hata ikiwa imeisha nguvu ya kuwasha rimoti. Ukimshuku mtoto kuwa amemeza, usimtapishe na usingoje dalili. Mpeleke hospitali wakati huo huo, ukichukua pakiti ya betri ili daktari ajue aina yake.