Jibu: Taa na swichi mbele ya kompyuta ya Z80

Kaka wa Lindi, umeuliza kama utaunga taa 24 ndogo za LED na swichi, za kuonyesha na kuingiza anwani na data, moja kwa moja kwenye miguu ya Z80, chipu ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta yako. Usithubutu, miguu ile haikuundwa kubeba taa. Weka chipu tatu za 74HCT244 (vipokezi vya kati vinavyobeba mzigo wa taa badala ya Z80) katikati, na kila taa rezista ya kilo-ohm 1. Kila taa itakula kama miliampia 3, zote pamoja 72. Inatosha, nyekundu utaiona hata mchana.

Shughuli iko kwenye swichi. Vuta BUSREQ (mguu wa 25, wa kuiomba Z80 iachie njia) chini hadi volti sifuri, kisha ngoja BUSACK (wa 23, wa Z80 kujibu kwamba imekubali) nayo ishuke. Hapo ndipo Z80 imeachia njia za anwani na data, na swichi zako zipite kupitia 244 nyingine tatu. Ukiziruhusu kabla, swichi na Z80 zitagombania waya mmoja. Kitufe cha kuandika kwenye kumbukumbu kikitetema (kikigusa na kuachia mara kadhaa kwa mbonyezo mmoja) usihofu, kitaandika namba ileile mara mbili.

Angalia kumbukumbu yako lakini. Kama ni ya DRAM, aina inayohitaji kuhuishwa kila mara, Z80 haiihuishi ikiwa imesimamishwa hivyo, na data itapotea. Tumia SRAM, isiyohitaji kuhuishwa.

Mchoro wa Altair 8800, kompyuta ya 1975 yenye taa na swichi mbele, usiunakili kama ulivyo. Ile ina chipu nyingine, 8080, inayotumia miguu ya HOLD na HLDA badala ya BUSREQ na BUSACK.

Na swichi nunua zilizozibwa. Mimi niko Mikindani, nilizong'oa kwenye amplifaya mbovu ziliota kutu ya kijani kwa upepo huu wa chumvi, nikashinda siku nzima nalaumu lehemu yangu.