Uliza Anti wa Mtwapa: "Nina cheti, sina kazi. Nije huko?"

Tangu gazeti hili lilipochapa mahojiano yangu, barua zimekuwa nyingi, na mhariri ameniachia ukurasa huu nizijibu mwenyewe. Kwa asiyenijua: mimi ni mwanamke trans. Nilizaliwa nikaandikwa mvulana, nikalelewa kama mvulana, na sasa naishi Mtwapa, kaunti ya Kilifi. Usiku nafanya kazi ya ngono, mchana nasuka nywele nyumbani kwangu, na katikati ya hayo ni mwelimishaji rika kwa wenzangu. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaficha, maana kwetu jina likitoka tu, mtu hulala nje.

Anti, hujambo? Nina miaka 24, nilimaliza kidato cha nne nikasomea upishi na huduma za hoteli. Cheti ninacho. Nikienda kwenye usaili mambo huwa mazuri mpaka waombe kitambulisho. Mara ya mwisho meneja aliitazama picha, akanitazama mimi, akamwita mwenzake waje wacheke pamoja. Rafiki yangu yuko Mtwapa, anasema pesa ipo. Nije? (Mhitimu, Mikindani)

Mdogo wangu, kwenye ofisi ya meneja kama huyo tumepita wengi. Watu huniuliza kila siku kwa nini siachi hii kazi nikatafuta ya heshima, nami huwauliza: ni ipi hiyo isiyotaka kitambulisho? Hoteli inakitaka, benki inakitaka, hata kibarua cha mjengo mlinzi anakiandika getini. Kadi ina jina la kiume na picha ya kijana aliyenyolewa, na aliyeishika amevaa dera na kusuka rasta. Hapo ndipo wengi wetu tumeishia barabarani, na si kwa kupenda anasa kama wanavyosema.

Yuko dada Mkenya aliyelipeleka jambo hili mahakamani, Audrey Mbugua. Ana shahada ya chuo kikuu, na kazi hakupata kwa sababu vyeti vyake vilikuwa na jina la kiume. Alilishtaki Baraza la Mitihani, na Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru cheti chake cha kidato cha nne kiandikwe upya kwa jina lake, bila alama ya jinsia. Kwa hiyo njia ilishapasuliwa. Jina unaweza kulibadilisha kisheria: wakili anaandaa hati, inasajiliwa, inatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha unaomba kitambulisho kipya. Alama ya jinsia kwenye kadi ndiyo ngumu, hiyo bado inatuumiza. Lakini jina peke yake likibadilika, nusu ya vicheko vya pale mapokezi huisha. Anza na hilo, uje usije.

Sasa kuhusu kuja. Sitakwambia usije, maana nami niko hapa na ninakula. Nitakwambia yaliyopo. Pesa ipo Desemba, wageni wakijaa. Mvua ya masika ikianza, kuanzia Aprili, hoteli nyingine hufunga kabisa na barabara inakuwa nyeupe, lakini mwenye nyumba anataka kodi yake ileile. Tena akijua wewe ni nani kodi hupanda, au unapewa hadi Jumamosi uhame. Wateja wako ni wanaume wa kawaida: madereva wa malori, wenye maduka, baba za watu. Wengi watakuomba uvue mpira waongeze pesa, na watakuomba siku ile ambayo hujala. Huyo wa siku ya njaa ndiye wa kumwogopa kuliko mlevi.

Na usidhani Mtwapa ni peponi kwa sababu baa hazilali. Februari 2010 ulienea uvumi hapa kwamba wanaume wawili wanaoana. Umati ukaivamia kliniki ya KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, watu wakapigwa, wengine polisi wakawaweka ndani wakisema wanawaokoa. Wazee wetu waliokuwapo hawajasahau, na kila uvumi mpya ukizuka hutupigia simu tufunge milango.

Ukija, usije kwa rafiki mmoja tu, jiunge na kundi. Sisi tuna utaratibu: ukiingia gari la mteja unatuma picha ya namba ya gari. Ukifika lojingi unatuma jina la lojingi na namba ya chumba. Mwenzako mmoja ndiye zamu, anakupigia baada ya saa moja. Ukishika na kuuliza "mama ameamkaje?" anajua kuna shida, anakuja na mlinzi wa pale wanagonga mlango kwa nguvu mpaka ufunguliwe. Mlinzi tunamjua kwa jina na Idd hatumsahau. Tuna chama pia, kila Jumatatu, na hela ya kwanza inayotoka humo ni ya mgonjwa au ya aliyefukuzwa nyumba. Muulize rafiki yako kama ana watu wa namna hiyo. Kama yuko peke yake, kaa Mikindani kwanza, fungua hata genge la chapati na maharage, upishi unaujua.

Mteja akinitumia pesa kwa M-Pesa, jina langu la kiume linatokea. Mmoja alinigeuka papo hapo akataka kunipiga. (Shanzu)

Fungua till, yaani namba ya malipo ya Lipa na M-Pesa, kwa jina la biashara, saluni au duka la urembo. Kitambulisho utatumia kuisajili, lakini anayelipa huona jina la biashara. Usitumie laini ya rafiki, mtakuja kugombana. Pesa ije kabla ya viatu kuvuliwa. Na kama ametuma kwa simu ya kawaida, itoe kwa ajenti mapema, kwa sababu wapo wanaotoka mlangoni huku wanapeleka ujumbe kwa namba 456, ya kurudishiwa pesa, kudai walituma kimakosa.

Jambo la pili, dada. Mwambie mteja wewe ni trans kabla hujaingia gari lake, mkiwa mmesimama kwenye taa, watu wanapita. Anayekasirika akakasirikie hapo. Wenzetu waliouawa na kuumizwa, wengi yaliwakuta ndani, mlango umefungwa, mtu akijifanya hakujua, na wengine walikuwa wanajua vizuri sana.

Salaam. Mimi ni mama wa watoto wanne. Mtoto wangu wa pili nilimzaa wa kiume, sasa anavaa kike na yuko Mombasa. Nasikia anauza mwili. Baba yake ana kisukari, na kila mwezi pesa za dawa zinaletwa na dada yake, nimekuja kujua ni yeye anayezituma. Je, nizirudishe? Jirani ameniambia niseme ni huntha, watu watatuonea huruma. Ami zake wameapa akikanyaga hapa watamkata miguu. Anataka kuja Idd. (Mama, Malindi)

Mama, shikamoo. Barua yako nimeisoma na kuirudia, na nakushukuru kwa kuandika "mtoto wangu". Wapo mama waliokwisha kulifuta neno hilo.

Nianze na ami, kwa kuwa hilo haliwezi kungoja. Kiapo cha namna hiyo usikichukulie kama maneno ya barazani. Idd hii asije nyumbani. Wewe mtoke, wewe na dada yake, mkutane Kilifi au Mombasa, mahali pa kula penye watu, mchana. Usimwambie mtu siku wala mahali. Mpikie akipendacho umbebee. Amekuwa akila chakula cha kibandani peke yake sikukuu zote hizo wakati nyinyi mnakaa kwenye sinia moja, na hilo huuma kuliko unavyofikiri. Wengi wetu siku ya Idd ndiyo tunayozima simu.

Kuhusu pesa, mimi si mwanachuoni na sitakutolea fatwa. Ukitaka hukumu ya dini muulize sheikh unayemwamini, bila kumtaja mtoto. Nitakwambia ninachokijua kutoka upande wa anayetuma. Hiyo pesa ameipitisha kwa dada yake ili baba ameze dawa bila kuchafukwa na moyo. Amekubali kufa jina ili baba yake aishi. Ukimrudishia, utakuwa umemwambia hata kumuuguza mzazi hana haki. Mama yangu mimi alikuwa akipokea na kunyamaza kimya, hasemi asante wala hasemi sitaki, na ule ukimya niliubeba miaka mingi. Siku aliyopiga simu kuuliza tu "umekula?" sikuenda kazini. Kama hutaki pesa yake, mwambie kwa mdomo wako, kwa upole, na umuulize amekula nini. Kama unaipokea, mwambie imefika.

Huntha, mama, ni aliyeumbwa na maumbile ya mwili yasiyo wazi ya kike wala ya kiume. Serikali ya Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, wakapatikana 1,524, na sheria ya watoto ya 2022 inawataja na kuwalinda. Wana shida zao nzito na haki zao. Kama mwanao hakuzaliwa hivyo, usimvike. Watu wakigundua, wataacha kuwaamini nyinyi na hata huntha wa kweli wa mtaani kwenu. Mtetee kama alivyo, au nyamaza wanapomtukana na uondoke hapo. Kuondoka nako watu hukuona.

Tulibebwa na karao (polisi) usiku tukiwa barabarani. Kituoni wakatuvua nguo "waone sisi ni nini", wakarekodi video, asubuhi tukatoa pesa tukaachiliwa. Tushtaki au tunyamaze? (Wawili, Mombasa)

Shtakini. Lakini msiende wawili tu, na msiende kituo hichohicho.

Mjue kwanza wanachokishika mkononi. Sheria ya adhabu ya Kenya haimtaji mtu mzima anayeuza ngono yake mwenyewe kuwa mkosaji kwa hilo pekee. Inaadhibu wanaoishi kwa mapato ya ukahaba, na kaunti zina sheria ndogo za kuzurura ambazo kanjo, askari wa kaunti, huzitumia. Kisha kuna kifungu cha 153, kinachomlenga mwanamume anayeishi kwa mapato hayo au anayeshawishi watu hadharani. Kwa kuwa kadi zetu zinasema mwanamume, hicho ndicho wanachotutishia nacho, pamoja na cha 162, cha ngono "kinyume cha maumbile", chenye kifungo cha miaka 14, ambacho Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Basi wanajua tunaogopa, na woga huo ndio wanaoutoza kila wiki.

Kuvuliwa nguo mtu atazamwe, hakuna sheria inayokuruhusu, uwe na kofia ya serikali usiwe nayo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilimpa mwenzetu fidia ya shilingi 200,000 baada ya polisi wa Thika kumvua nguo mbele ya waandishi wa habari. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa, hapahapa Mombasa, ilisema kuwalazimisha watu wapimwe sehemu za siri za nyuma ili wapatikane na hatia ni kinyume cha Katiba. Na Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret ilimpa mwanamke trans shilingi milioni moja kwa kukamatwa na kupekuliwa kwa kudhalilishwa, jaji akaiagiza serikali itunge sheria ya kuwalinda watu kama sisi. Walioshinda kesi hizo ni watu waliokuwa na aibu na woga kama wenu.

Leo hii, kabla hamjasahau, kila mmoja aandike kivyake: saa, kituo, rangi ya gari, namba za vifuani kama mliziona, maneno waliyosema, namba ya simu iliyopokea pesa. Ile meseji ya M-Pesa ya asubuhi msiifute, ni ushahidi kuliko machozi. Malalamiko dhidi ya polisi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wao, bila malipo. Muungano wa wafanyakazi wa ngono, KESWA, una watu waliofunzwa sheria wa kuwashika mkono. Siku nyingine mkikamatwa, Katiba, ibara ya 49, inasema mwambiwe kosa lenu, mwongee na wakili, na mfikishwe kortini ndani ya saa 24. Semeni hivyo kwa adabu, bila kupandisha sauti. Karao akijua unaijua ibara, mara nyingi hupunguza mkono.

Dropin, kile kituo chetu cha afya tulichochukulia PrEP (dawa ya kujikinga na HIV), ilifungwa 2025 misaada ya Marekani ilipokatwa. Hospitali ya serikali naogopa macho ya watu. Halafu kuna dada ananipa vidonge vya kupanga uzazi vinioteshe matiti, nameza vinne kwa siku. (Bamburi)

Punguza hofu na uache hivyo vinne leo. Vidonge vile kwa wingi huo vinaweza kugandisha damu kwenye mishipa, hatari zaidi kama unavuta sigara. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi kukata, usingoje asubuhi, nenda hospitali. Homoni hutolewa na daktari anayepima damu na presha yako kwanza. Nakuelewa haraka yako, mwili ukichelewa roho haitulii, lakini nataka uyaone hayo matiti ukiwa hai.

PrEP ipo bure katika vituo vya serikali, ilianza kutolewa nchini 2017 na haikuondoka na dropin. Kondomu ikipasuka au ukibakwa, una saa 72 tu kuanza PEP, dawa ya kuzuia HIV baada ya tukio, na unaimeza siku 28 bila kuruka. Na kama ni ubakaji, piga namba ya msaada 1195, haitozwi. Mafuta ya nazi na Vaseline weka mbali na kondomu, yanaipasua, omba vilainishi vya maji.

Hospitalini nenda baada ya saa nane mchana, foleni ikiwa imepungua. Tafuta muuguzi mmoja anayekutazama usoni, muulize zamu zake, na urudi kwake huyohuyo kila mara. Akiita jina la kadi kwa sauti, mwombe mapema aite namba, wengi hukubali wakiombwa. Kama bado miguu inakataa, mwandikie mhariri siku unayotaka kwenda, nije tufuatane.