Grasp: mkono na akili
Umeuliza kwa nini grasp ya Kiingereza kamusi huipa maana mbili, kukamata na kuelewa. Ya kwanza ndiyo asili: vidole vinakifumbata kitu kwa nguvu, kama unavyoshika kamba usianguke. Ya pili ni sitiari, akili imefanywa mkono. Hata comprehend, neno jingine la Kiingereza lenye maana ya kuelewa, limetoka kwenye Kilatini prehendere, yaani kukamata.

Ila angalia hapa, maana wengi hukosea. Kwetu pia tunasema "nimelishika somo", lakini "shika maneno yangu" ni kuyazingatia na kuyatii. Grasp haina utii ndani yake. Unaweza kulielewa wazo barabara na bado ukalikataa. Kwa hiyo ukitafsiri, "kuelewa vizuri" au "kung'amua" ni salama zaidi.